Mizani Haioni Yanayotokea Ndani ya Misuli

Katika kliniki nyingi za kisukari, siku ya mgonjwa huanzia kwenye mizani. Huvua viatu, huweka mkoba kando, wengine huvua hata saa ya mkononi, kisha hupanda. Muuguzi husoma namba na kuiandika kwenye kadi, na kabla mgonjwa hajafika kwa daktari hukumu imekwisha kutolewa. Mama wa miaka hamsini na kitu, aliyekuwa na kilo 94 mwezi wa tatu na ambaye bado ana kilo 94 mwezi wa sita, huonekana kama mtu asiyefuata ushauri. Akijitetea, "Daktari, natembea kila jioni, kwenda na kurudi," hujibiwa kwa upole ule unaoumiza: "Sawa mama, lakini uzito ndio huo huo." Mwezi wa tisa haji tena na habari za kutembea. Ameacha.

Kuacha kwake ni hasara kubwa kuliko zile kilo ambazo hazikupungua, na aliyemwachisha ni mizani. Mazoezi yana kazi yake mahususi ndani ya misuli. Kazi hiyo huanza siku ya kwanza, hujirudia kila yanaporudiwa, wala haingoji uzito upungue. Kuyapima kwa kilo ni sawa na kupima homa kwa futi ya fundi cherehani.

Ili kosa hilo lieleweke, inafaa kuanza na swali la mahali sukari inapokwenda. Baada ya mtu kula ubwabwa au ugali, wanga huvunjwa na kuwa glukosi, glukosi huingia katika damu, na kongosho hutoa insulini. Insulini huliamuru ini lipunguze sukari linayoitoa, kisha hubisha hodi katika seli za mafuta na za misuli ili sukari ipokewe. Miongoni mwa wapokeaji hao, misuli ndiyo yenye ghala kubwa. Katika vipimo vya maabara ambapo insulini hutiwa katika mshipa kwa kiwango kisichobadilika, huku sukari ya damu ikizuiwa isishuke, takriban asilimia 80 ya glukosi inayoondoka katika damu huingia katika misuli. Baada ya mlo wa kawaida fungu hilo huwa dogo zaidi, kwa kuwa ini nalo huchukua sehemu yake, lakini hakuna namna ya kuelewa kisukari cha aina ya pili bila kuitazama misuli.

Sukari haiupenyi ukuta wa seli ya misuli kwa uwezo wake yenyewe. Huvushwa na protini iitwayo GLUT4, ambayo wakati wa mapumziko hukaa ndani ya vifuko vidogo, mbali na ukuta. Insulini inapokishika kipokezi chake kilicho juu ya seli, ujumbe hupokezanwa kutoka protini moja hadi nyingine, mithili ya watu waliojipanga wakipokezana ndoo za maji kuzima moto, mpaka vifuko vile visogee na GLUT4 ijipachike ukutani. Hapo mlango huwa wazi.

Kwa mtu mwenye unene uliokithiri, ndoo hizo huanguka katikati ya msururu. Mafuta yanapozidi uwezo wa tishu za mafuta kuyahifadhi, huanza kujipenyeza katika ini na katika misuli, na baadhi ya mazao yake, hasa diasilgliseroli na seramidi, hudhaniwa kuwa miongoni mwa vitu vinavyouzuia ujumbe wa insulini usipite. Insulini ipo, kipokezi kipo, GLUT4 ipo, ila amri haifiki. Kongosho nalo hufanya kama afanyavyo mtu aliyebisha hodi bila kuitikiwa: hubisha kwa nguvu zaidi. Hutoa insulini nyingi kuliko kawaida, na kwa gharama hiyo sukari ya damu huweza kuonekana nzuri kwa miaka kadhaa. Ndiyo maana mtu anaweza kuambiwa kwamba sukari yake haina tatizo ilhali tayari yumo safarini. Kongosho linaposhindwa kuendelea na mzigo huo, ndipo kipimo hupanda na ugonjwa hupewa jina.

Misuli inayofanya kazi haingoji hodi ya insulini. Msuli unapojikunja, kalsiamu humwagika ndani ya seli, akiba ya nishati hupungua, na kimeng'enya kiitwacho AMPK huamshwa. Mambo hayo, pamoja na mengine ambayo wanafiziolojia wanaendelea kuyafumbua, huisogeza GLUT4 hadi ukutani kwa njia nyingine kabisa. Wazo kwamba misuli inayofanya kazi hula sukari si jipya. Mwaka 1887, Auguste Chauveau na mwenzake Kaufmann, nchini Ufaransa, walipima damu inayotoka katika misuli ya farasi anayetafuna, wakaona kwamba sukari yake hupungua msuli unapofanya kazi. Mwaka 1926, miaka michache tu baada ya insulini kugunduliwa, daktari R. D. Lawrence wa London alionyesha kwamba sindano ya insulini ikifuatiwa na mazoezi huishusha sukari zaidi kuliko sindano peke yake. Lawrence mwenyewe alikuwa na kisukari na alikuwa akijichoma insulini, hivyo hakuwa akizungumzia mambo ya kusimuliwa.

Jambo linalopaswa kumpa moyo mgonjwa lilithibitishwa baadaye. Mwaka 1999 watafiti nchini Marekani waliwaendesha baiskeli watu wenye kisukari cha aina ya pili na watu wasio nacho, kisha wakachunguza vipande vidogo vya misuli ya mapaja yao. Katika makundi yote mawili GLUT4 ilikuwa imesogea ukutani. Misuli ya wagonjwa, ambayo huisikia insulini kwa shida, ilikuwa imeitikia mazoezi. Mlango wa mbele ulikuwa umekwama, lakini wa uani ulifunguka kama kawaida.

Hapo kuna mambo mawili ambayo hata wahudumu wa afya huyachanganya. La kwanza ni sukari inayoingia katika misuli wakati mtu anatembea, kwa njia hiyo ya uani. Hilo hufifia muda si mrefu baada ya kupumzika. La pili, ambalo ndilo kiini cha mjadala huu, ni kwamba baada ya mazoezi kwisha misuli ile ile huisikia insulini vizuri zaidi kwa saa nyingi zinazofuata, mara nyingi hadi siku moja au mbili. Ghala la glaikojeni limepungua na linataka kujazwa. Mishipa midogo ya damu imefunguka na insulini hufika kwa urahisi. Na ndani ya seli, baadhi ya protini ambako njia ya insulini na njia ya mazoezi hukutana huwa zimeachwa katika hali ya utayari. Kiasi kile kile cha insulini hufanya kazi kubwa zaidi. Kongosho hupata nafuu.

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote ni wa mguu mmoja. Mwaka 1989 Erik Richter na wenzake mjini Copenhagen waliwataka vijana wenye afya wafanye mazoezi ya goti kwa mguu mmoja tu, mguu wa pili ukiwa umepumzika. Saa kadhaa baadaye wakawatia insulini katika mshipa na kupima sukari iliyochukuliwa na kila mguu. Mguu uliofanya mazoezi ulichukua zaidi. Inafaa kutua hapa kidogo. Mtu ni yule yule, uzito ni ule ule, chakula alichokula asubuhi ni kile kile, damu na insulini inayopita katika miguu yote miwili ni moja. Mizani isingeweza kuutofautisha mguu huu na ule. Misuli ilitofautisha.

Katika jiji hilo hilo kipimo kama hicho kilirudiwa kwa watu wenye kisukari cha aina ya pili. Waliouzoeza mguu mmoja kwa wiki kumi walionekana kuwa na misuli yenye usikivu zaidi kwa insulini katika mguu huo. Mwaka 2004 yakachapishwa matokeo ya mazoezi ya nguvu, yaani ya kusukuma na kuinua uzito kwa mguu mmoja, kwa muda usiozidi nusu saa, mara tatu kwa wiki, kwa wiki sita. Mguu uliozoezwa ukashinda tena. Na mwaka 2008 ulichapishwa utafiti wa watu wanene wenye kisukari cha aina ya pili waliofanya mazoezi siku saba mfululizo huku wakipewa chakula cha kutosheleza mahitaji yao ili wasikonde. Baada ya wiki moja tu usikivu wa mwili kwa insulini ulikuwa umeongezeka. Nyongeza hiyo ilitoka katika misuli. Ini halikuwa limebadilika.

Kwa nini basi mizani haisogei? Sehemu ya jibu inatoka Tanzania yenyewe, kandokando ya Ziwa Eyasi. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya nishati inayotumiwa na Wahadza, watu wanaotembea mwendo mrefu kila siku wakiwinda, wakichimba mizizi na kutafuta asali. Wengi wangetarajia kwamba Mhadza hutumia nishati nyingi mno kumzidi mtu wa ofisini wa Marekani au Ulaya. Ukubwa wa mwili ulipozingatiwa, jumla ya nishati kwa siku haikutofautiana. Inaelekea mwili unaozoea kutembea hubana matumizi mahali pengine. Kuna na hesabu nyepesi zaidi: nusu saa ya kutembea kwa haraka hutumia nishati ambayo haipishani sana na ile iliyomo katika chupa moja ya soda, na anayetoka matembezini akiwa na kiu huijua chupa hiyo ilipo. Kumwahidi mgonjwa kwamba mazoezi peke yake yatamkondesha ni kumwahidi jambo ambalo mara nyingi halitatokea, kisha kumlaumu lisipotokea.

Wapo madaktari watakaosema kwamba hoja hii inawapa wagonjwa kisingizio, na pingamizi lao lina uzito wake. Kupungua uzito kuna faida kubwa, hasa kwa ini. Utafiti wa DiRECT wa Uingereza ulionyesha kwamba karibu nusu ya watu wenye kisukari cha aina ya pili, waliosaidiwa kupunguza uzito kwa chakula maalumu, walikuwa na sukari isiyo ya kisukari baada ya mwaka mmoja bila dawa. Katika utafiti mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari, uliochapishwa mwaka 2002 na kuhusisha watu 3,234 waliokuwa katika hatari, waliobadili chakula na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58, ilhali waliopewa metformini walipunguza kwa asilimia 31. Wachambuzi walipotafuta ni kipi hasa kilichofanya kazi, walikuta kwamba kupungua uzito ndiko kulikotangulia mbele ya mengine yote. Hakuna sababu ya kulificha hilo.

Lakini uchambuzi huo huo una ukurasa ambao husomwa na wachache. Miongoni mwa washiriki ambao mwaka wa kwanza hawakufikia lengo la uzito, wale waliofikia lengo la mazoezi walipata kisukari kwa kiwango kilichopungua kwa asilimia 44. Hao ndio mama wa kilo 94: walioshindwa mtihani wa mizani, na ambao katika kliniki nyingi wangeambiwa kwamba juhudi zao hazijazaa kitu. Huko Da Qing nchini China, katika utafiti ulioanza mwaka 1986 na kudumu miaka sita, kati ya watu waliokuwa na dalili za mwanzo za kushindwa kuidhibiti sukari, asilimia 67.7 ya walioachwa bila mpango maalumu walipata kisukari. Katika kundi lililopewa mazoezi peke yake ilikuwa asilimia 41.1. Kwa hiyo ushauri ulio sahihi ni kuzitenganisha kazi mbili. Chakula ndicho chenye mkono mrefu juu ya uzito na juu ya ini. Mazoezi yana mkono mrefu juu ya misuli. Mgonjwa anayefanikiwa katika moja asinyimwe sifa yake kwa sababu ya kuchelewa katika jingine.

Suala hili si dogo. Takwimu za kitaifa za Tanzania zilionyesha kwamba wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi au unene walifikia asilimia 22 mwaka 2010 na asilimia 28 katika utafiti wa 2015–16. Na wengi wao hawautazami unene kama unavyotazamwa kwenye chati ya kliniki. Mtu mwenye mwili husifiwa kwamba amenawiri, na ndoa yake husemwa kuwa ni ya amani. Aliyepungua huulizwa kwa sauti ya chini, "Kuna nini?" Katika miaka ambayo UKIMWI ulikuwa hauna dawa, kukonda kulisomwa kama tangazo la kifo, na kumbukumbu hiyo haijafutika katika familia zilizozika. Mwanamke anayesitasita kupunguza kilo kumi huenda anaogopa macho ya majirani kuliko anavyoogopa sukari, na hofu hiyo haiondolewi kwa kukaripiwa. Kumbe kuna ushauri ambao anaweza kuupokea bila hofu: misuli yake inaweza kupata nafuu kabla mwili wake haujabadilika machoni pa watu.

Yote hayo yakikubaliwa, mazoezi yanapaswa kuandikwa kama dawa inavyoandikwa. Cheti cha metformini kina kipimo, kina idadi ya vidonge na kina saa za kumeza. Mazoezi huagizwa kwa maneno mawili, "fanya mazoezi", huku daktari akiwa ameshaangalia faili linalofuata. Kwa kuwa usikivu wa misuli hudumu siku moja au mbili kisha hufifia, jambo la kwanza la kuandika ni kwamba zisipite siku mbili mfululizo bila mazoezi. Ushauri huo umo katika miongozo ya kimataifa ya kisukari na sababu yake ni hiyo hiyo. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, yaani mwendo unaomruhusu mtu kuzungumza lakini si kuimba, pamoja na mazoezi ya nguvu angalau siku mbili. Dakika 30 kwa siku tano zinatimiza kiwango cha chini.

Hapa vikundi vya jogingi vya Jumamosi, vilivyoenea Dar es Salaam na miji mingine, vinastahili pongezi na neno moja la tahadhari. Fulana za rangi moja, nyimbo na kukimbia barabarani alfajiri ni jambo jema kwa moyo na kwa ujirani. Lakini anayekimbia Jumamosi, akamaliza na supu, chapati na soda mbili, kisha akaketi hadi Jumamosi nyingine, ameipa misuli yake dozi moja ya dawa inayotakiwa karibu kila siku. Kufikia Jumanne deni limerudi.

Kuketi kwenyewe kuna madhara yake. Watu wenye afya waliolazwa kitandani kwa siku saba kwa ajili ya utafiti walipungukiwa na usikivu wa misuli kwa insulini. Upande wa pili, utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2012 uliwahusisha watu wazima wenye uzito uliozidi au unene, waliokunywa kinywaji chenye sukari na mafuta kisha wakaketi kwa saa tano. Siku waliyosimama na kutembea polepole dakika mbili baada ya kila dakika ishirini, sukari na insulini katika damu yao vilikuwa chini kuliko siku ya kuketi mfululizo. Dakika mbili hazihitaji viatu vya michezo. Muuza vitenge anayekaa dukani tangu asubuhi, fundi cherehani, karani na dereva wa daladala akiwa kituoni wanaweza kuzipata, hasa baada ya chakula cha mchana, wakati ambao sukari inapanda.

Mazoezi ya nguvu husahaulika zaidi, labda kwa sababu huhusishwa na vijana wanaotunisha vifua. Ule mguu wa Copenhagen unafundisha jambo la kiutendaji: msuli unaofaidi ni ule uliofanya kazi. Basi yafaa kuanza na misuli mikubwa, ya mapaja na ya makalio. Kuketi na kusimama kutoka kwenye kiti mara kumi bila kujishikilia, kupumzika, kisha kurudia mara mbili, ni zoezi kamili kwa mtu mzima mnene. Anayesumbuliwa na magoti anaweza kuanza na kiti kirefu, au kuketi na kuinua dumu la lita tano lililojaa maji, ambalo uzito wake ni kilo tano na bei yake si kitu. Wapo watakaopata faida ndogo kuliko wenzao kwa juhudi ile ile. Miili haiitikii kwa kiwango kimoja. Hilo halimfanyi mtu kuwa mzembe.

Dawa yoyote yenye nguvu ina tahadhari zake. Anayetumia metformini peke yake ana hatari ndogo ya sukari kushuka kupita kiasi. Anayetumia glibenklamidi au insulini hatari yake ni kubwa zaidi, na kwake mazoezi yasianzishwe bila kuzungumza na mhudumu wa afya, kwa sababu dozi huenda ikahitaji kupunguzwa. Apime kabla ya kuanza. Ikiwa sukari iko chini ya 5.0, ale kwanza kitu chenye wanga, kama ndizi. Awe na sukari au glukosi mfukoni, na wanaofuatana naye wajue maana ya jasho la ghafla, kutetemeka na kuchanganyikiwa. Kwa kuwa misuli huendelea kuchukua sukari kwa saa nyingi, sukari inaweza kushuka usiku wa manane baada ya mazoezi ya jioni. Anayejichoma insulini asichome pajani muda mfupi kabla ya kutembea, maana mguu unaofanya kazi huifyonza insulini haraka. Mwenye ganzi miguuni asitoke na ndala; avae viatu vilivyofunika mguu, pamoja na soksi, na kila jioni aukague unyayo au amwombe mtoto amkagulie. Mwenye ugonjwa wa kisukari uliofika machoni asiinue vitu vizito kabla ya kuchunguzwa macho. Maumivu ya kifua au kukosa pumzi kusiko kwa kawaida ni amri ya kusimama na kwenda hospitali. Kwa wanaofunga Ramadhani, saa za mwisho kabla ya kufuturu hazifai kwa mazoezi makali, na swala ya tarawehe, yenye kusimama, kurukuu na kusujudu kwa muda mrefu, ihesabiwe kuwa sehemu ya mazoezi ya siku hiyo.

Kliniki inaweza kumwonyesha mgonjwa haya bila mhadhara. Aliyekunywa chai na vitumbua apimwe sukari, atembee uwanjani mwa hospitali kwa dakika ishirini akiwa na mwenzake, kisha apimwe tena. Mara nyingi namba ya pili huwa chini, na mgonjwa huiona kwa macho yake asubuhi hiyo hiyo. Vipande vya kupimia vina bei, kwa hiyo halitakuwa jambo la kila mwezi, lakini mara moja huweza kutosha kumshawishi aliyechoka kuambiwa.

Jingine halina gharama hata hiyo. Kadi ya kliniki ina safu ya uzito, safu ya shinikizo la damu na safu ya sukari. Muuguzi mwenye rula na kalamu anaweza kuchora safu nyingine kando yake, ya kuandika siku alizotembea mgonjwa katika wiki iliyopita, na siku ya mwisho ilikuwa lini. Swali hilo liulizwe kwanza, viatu vikiwa bado miguuni. Mama wa kilo 94 angekuwa na la kuandikiwa mwezi wa sita: siku tano, ya mwisho jana jioni. Baada ya hapo ndipo apande mizani.